Namba Niliyokukataza Kuiandika

Mwanangu Asende,

Umetoka kwenda kuwaaga wajomba zako, nami nimebaki peke yangu maabarani, saa tisa ya mchana, kwenye meza ya tatu, ile yenye mguu mfupi. Boti ya Kalemie inaondoka kesho asubuhi. Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako amekwisha kukueleza habari za dawa, za chakula, za watu wa vizuizi na za kutolala karibu na injini, na amekueleza kwa sauti ambayo mtaa mzima umefaidika nayo. Mimi nina jambo moja, nalo nimelichelewesha kwa mwaka na miezi kadhaa. Kuna namba ambayo nilikukataza kuiandika. Naamini unaikumbuka. Unakwenda kufunga na kupima mitandao isiyo na waya katika vituo vya afya, na sitaki uianze kazi hiyo ukiwa bado unalitii katazo lile.

Nitaeleza kwa utaratibu, hata yale unayoyajua, kwa sababu unayajua vipande vipande.

Unajua jinsi ninavyopima. Umeniona nikipima tangu mwaka wako wa kwanza chuoni, ulipokuwa ukikaa nyuma na kuniita Madame kama wenzako, kwa kuwa tulikubaliana kwamba mama yako anabaki nyumbani. Kisanduku cha Wi-Fi kinachorusha mawimbi kiko ukutani. Alama za chaki ziko sakafuni, kila hatua mbili alama moja. Simu ya kupimia inashikwa usawa wa kifua, vipimo vitatu kwa kila alama, na cha katikati kwa ukubwa ndicho kinachoingia daftarini. Kabla ya yote, watu watoke nje. Kanuni hiyo niliipata Bukavu nilipokuwa mwanafunzi. Mwalimu wetu alisimama mlangoni mpaka wa mwisho atoke, ndipo akafunga. Alituambia kwamba mtu akitembea chumbani kipimo kinatikisika, na kipimo kinachotikisika hakifundishi kitu. Ni kweli. Ukitaka kujua kisanduku kimoja kinatofautianaje na kingine, huna budi kuwatoa watu. Nimefundisha hivyo miaka mingi, na sikujiuliza hata siku moja kanuni hiyo inakoma wapi.

Hospitali ile ndogo sitaitaja jina, unaijua. Wodi ya wazazi iko chini, na chumba cha upasuaji pamoja na ofisi ya daktari viko juu ya mteremko, ng'ambo ya uwanja. Simu za kawaida pale zinashika leo na kukosa kesho na keshokutwa. Zamani, mama akizidiwa, muuguzi alipiga rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa barazani, na daktari aliposikia alishuka. Waliniomba mtandao mahali pa rimu: tableti moja mezani kwa muuguzi, nyingine kwa daktari, ya chini ikiguswa, ya juu inalia. Nilikijaribu kila kifaa hapa maabarani kwa majuma mawili. Vyote vilikuwa vizima. Kisha nikaenda kupima wodini.

Siku hiyo hukuwapo, kwa hiyo nikuchoree. Muuguzi mkuu alipoona sanduku langu la vifaa alifanya kile kinachofanywa hapa kila mara wageni wa kazi wanapofika hospitalini: aliwatoa jamaa wote wanaowaangalia wagonjwa, na mabeseni yao, na sufuria zao, na mikeka yao. Nilisimama barazani nikawaona wakipita mbele yangu.

“Bamama, mutoke kidogo. Madame anakuja kupima.”

“Anapima nini?” aliuliza bibi mmoja aliyebeba sufuria ya majani ya muhogo kichwani.

“Anapima hewa, koko.”

“Hewa ya humu miye naijua bila mashini. Iko na harufu ya sombe.”

Wakacheka, na mimi nikacheka. Walikuwa wengi, niliona baraza limejaa hadi kwenye ngazi. Niliwaona, Asende. Kisha nikaingia katika chumba chenye vitanda kumi na viwili na wagonjwa sita waliolala kimya, nikafurahi moyoni kwamba hapa kuna nidhamu kama ya maabara. Nilipima alama ishirini na nne. Zote zilifaa. Kisanduku nilikuwa nimekifunga usawa wa bega, ukuta wa mbele, mbali na joto la bati. Meza ya muuguzi ilikuwa ukuta wa nyuma. Nilitia saini hati ya majaribio, na mwisho wake nikaongeza sentensi ambayo hakuna aliyeniomba: kwamba njia ya zamani ya kuita haihitajiki tena. Nilitaka hati imalizike vizuri. Juma lililofuata waliiteremsha ile rimu.

Sasa fikiria Jumapili. Hakuna mtu hapa kwetu anayemwendea mgonjwa peke yake. Siku hiyo kwaya ya kanisa moja ilikuja kumwimbia mwenzao aliyejifungua mapacha, wote wakiwa na sare, na kila mgonjwa mwingine alikuwa na watu wake. Walisimama kati ya vitanda, bega kwa bega, kutoka mlangoni hadi mezani. Muuguzi wa zamu aliitwa Zawadi. Kitanda cha karibu naye kilikuwa na mama mmoja kutoka kijiji cha Nundu aliyejifungua alfajiri, na mama huyo akaanza kutoka damu. Zawadi akagusa tableti. Akagusa tena. Akagusa mara ya tatu. Mkono mmoja alikuwa ameukandamiza juu ya tumbo la mgonjwa, kwa hiyo hakuweza kuondoka. Alimtuma mwanakwaya mmoja, naye akaenda kumtafuta daktari upande ambako hakuwapo. Daktari alipofika, mama yule alikuwa amekwisha kufa. Mtoto alipona, akachukuliwa na bibi yake.

Kamati ya hospitali ilikaa siku ya tatu. Niliitwa kama mtaalamu. Tableti ya daktari haikuwa na alama yoyote ya wito. Daktari akaniuliza, kwa upole kabisa:

“Madame, mashini iko muzuri?”

“Ilipimwa,” nilijibu. “Sehemu ishirini na nne. Zote zinafaa. Hati ni hii.”

Zawadi alikuwa ameketi kwenye kibao karibu na mlango. Alisema aligusa mara tatu na kwamba ile duara ndogo ilibaki ikizunguka tu. Wengine hawakujua maana ya maneno hayo. Mimi nilijua. Duara inazunguka pale tableti inapotafuta mawimbi na kuyakosa. Mtu asiyeigusa hawezi kuiona. Kisha akanigeukia.

“Madame, mi nakuuliza. We ulipima wakati kuko batu?”

Katika miaka yote ya kufundisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali sahihi kuliko hilo. Nikamjibu: “Kupima kuna kanuni zake.”

Hilo ndilo nililolisema. Hakuna neno la uongo ndani yake. Waliandika kwamba muuguzi hakuita kwa wakati, wakampeleka Lubondja, kwenye kituo kidogo, bila cheo chake. Nilirudi nyumbani nikala. Ulikuwapo mezani, tulizungumza habari za mitihani yako.

Majuma matatu nilikaa na lile swali, ndipo nikawaita wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu kwa pamoja. Hapo sasa ulikuwapo. Nilikifunga kisanduku cha aina ileile usawa wa bega, nikakusimamisha wewe na simu kwenye alama ya mwisho, nikapima chumba kikiwa tupu: hasi sitini na mbili. Kisha nikawapanga wale arobaini na ushei katikati, bega kwa bega. Unakumbuka jinsi walivyocheza.

“Kumbe siye ni ukuta!”

“We Bashizi, na ile tumbo yako, we ni ukuta mbili na dirisha.”

“Dirisha iko wapi?”

“Pale meno yalitoka.”

Ukasoma kimya, ukasoma tena. Namba ilikuwa hasi themanini na sita. Kwa asiyejua, tarakimu inavyokua ndivyo mawimbi yanavyofifia, na hapo yalikuwa yamefifia hadi kukatika. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na mawimbi haya yanaliwa na maji. Nilikuwa nimelifundisha hilo ubaoni kila mwaka, kama habari ya kitabuni.

“Madame, imeshuka sana,” ulisema. “Niandike?”

“Usiandike. Hili si jaribio, ni mchezo wa kuwaonyesha.”

“Lakini nimepima mara tatu.”

“Asende. Usiandike.”

“Lakini, Mama.”

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo ndani ya chumba hiki. Wenzako wakacheka. Wewe ukafunika kalamu.

Hukujua kilichokuwa nyuma ya namba ile, kwa hiyo ulifikiri kwamba umenishuhudia nikiiamua kama mtaalamu. Usifikiri hivyo. Nilikuwa nimekwisha kujua. Daftari liko hapa mbele yangu, na mahali pa namba hiyo kuna mstari mtupu ambao nimeuangalia zaidi ya ukurasa wowote nilioujaza.

Sasa nifikie jambo ambalo hata shangazi yako halijui. Juma lile lile nilikwenda hospitalini, nikawaambia kwamba nafanya matengenezo ya kawaida. Nilikipandisha kisanduku karibu na dari, juu ya vichwa vya watu, nikaongeza cha pili juu ya meza ya muuguzi. Kazi nzuri, nimeikagua mara nyingi tangu hapo, na inashika hata Jumapili. Nilijiambia kwamba nimeokoa watakaokuja. Ilinichukua muda kuona nilichokuwa nimefanya kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo, mtu yeyote ambaye angetaka kumtetea Zawadi, akaja na kupima wodi ikiwa imejaa, angekuta kila kitu kinafanya kazi. Nilikuwa nimetengeneza mashine na kumfungia yeye mlango. Kosa la kwanza lilitokana na mazoea. Hili la pili nililifanya nikiwa macho, kwa bisibisi.

Umewahi kuniuliza kwa nini sikutaka ukuu wa idara waliponipa. Sasa unajua. Kuhusu sababu zangu za kunyamaza, nimezichunguza kama ninavyochunguza kifaa, na sikuona kubwa. Sikuogopa jela. Niliogopa mtu asimame kikaoni aseme kwamba hati ya Madame ina kosa. Nilikuwa mwanamke pekee aliyefundisha somo hili hapa Baraka, na nilikuwa nimejenga jina kwa kutokosea. Jina hilo lilikuwa limekuwa kazi yangu ya kweli, na ile ya kupima imekuwa kibarua chake.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi kustaafu, kama si ile kazi yako ya mwisho wa masomo. Mwezi uliopita uliniletea jedwali: vipimo vya kituo cha afya, alama hamsini. Nilizihesabu kwa mazoea, nikapata arobaini na tisa.

“Namba ya kumi na saba iko wapi?”

“Ilikuwa mubaya, Mama. Ilikuwa inaharibu picha. Nikaitoa.”

“Mahali hapo pana nini?”

“Benchi. Kulikuwa batu wanangoja dawa.” Ukaniangalia bila wasiwasi wowote. “Si weye mwenyewe ulinifundisha?”

Hukusema kwa dharau. Ulisema kama mtu anayekumbusha kanuni. Nililikunja lile jedwali, ukadhani nimekasirika kwa sababu ya mpangilio wa jedwali. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye lile jiwe la kufulia mpaka dada yako akaja kuniuliza kama naumwa.

Basi nimeandika hati mpya. Ina vipimo vyote, cha chumba kitupu na cha chumba kilichojaa, ina tarehe ya siku nilipokipandisha kisanduku, na ina swali la Zawadi kwa maneno yake, pamoja na jibu langu. Jumanne iliyopita, nilipowaambia kwamba nakwenda kuangalia vifaa vya mteja, nilikuwa Lubondja.

Nilimkuta akipima watoto uzito. Aliniona, akaendelea na kazi mpaka wa mwisho. Kisha akasoma hati mara mbili, akisogeza kidole chini ya kila mstari.

“Mi nilikuuliza mbele yao,” alisema.

“Uliniuliza.”

“Ile siku we ulikuwa unajua?”

“Nilishuku. Majuma matatu baadaye nilijua.”

“Na ukanyamaza.”

“Nikanyamaza.”

Alikunja karatasi, akaikunjua tena. “Kanisani batu banaangalia mikono yangu. Bwana yangu mwenyewe aliniuliza kama kweli nilibonyeza. Bwana yangu, Madame. Mwenye tunalala naye. Sasa unataka nikuambie nini? Kama imekwisha?”

“Sikuja kuomba hilo.”

“Ni muzuri, maana sina.” Akanirudishia karatasi. “Mi kurudi kule sitaki tena. Lakini kule Nundu kuko mama mukubwa, mama ya ule alikufa, anaamini mi niliua mutoto yake. Hajui kusoma. Usitume karatasi. Uende, umuambie na mudomo yako.”

Hakunisindikiza. Nilitembea hadi kwenye pikipiki nikiwa na hati mkononi kama mwanafunzi aliyerudishiwa mtihani.

Jana niliipeleka hospitalini. Mkurugenzi aliisoma ukurasa wa kwanza, akaisukuma upande wangu wa meza. “Madame, hii kitu ilikwisha. Familia ilishazika, ilishanyamaza. Unafufua nini?” Nikamwambia kwamba Zawadi yu hai. Akasema itatuletea fujo, mimi na yeye. Sikubishana. Nilikwenda kwa katibu, nikaomba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala zote mbili, nikakaa mpaka ukagongwa. Nilipotoka, mkurugenzi alinifuata barazani. Alisema, si kwa ubaya, kwamba Jumatatu atatuma watu wake Nundu kuituliza familia kabla maneno hayajafika. Tayari chuo kimepigiwa simu. Nimeambiwa niandae funguo za maabara nizikabidhi, na ndiyo sababu niko hapa mchana huu. Vifaa nimevihesabu, vyote vipo.

Sina ushauri mrefu kwako. Utapima wodi zikiwa tupu, kwa sababu kipimo hicho kina kazi yake, halafu utawaomba warudi, na sufuria zao, na kwaya yao, upime tena. Watakucheka kwamba unapima watu badala ya mashine. Waache wacheke. Ukikuta rimu barazani, iache mahali pake, hata mtandao ukiwa mzuri kiasi gani. Na jedwali lako lile la alama arobaini na tisa nimelitia ndani ya bahasha hii. Lirudishe kwa mtahini wako kutoka huko huko, na namba ya kumi na saba ikiwa mahali pake. Najua inaweza kukugharimu daraja. Sitakuambia kwamba haitakugharimu.

Pengine utakasirika nami. Una haki ya kukasirika mara mbili, kwa ajili ya Zawadi na kwa ajili yako, na sitakuomba uharakishe kuimaliza hasira yoyote kati ya hizo.

Limebaki jambo moja. Kesho ndiyo Jumapili, siku ya mwisho kabla ya watu wa mkurugenzi. Wakinitangulia Nundu, bibi wa yule mtoto atasikia habari iliyolainishwa, na yangu itakapofika itakuwa kelele tu. Nimezungumza na mwenye pikipiki, tunaondoka alfajiri. Kwa hiyo hutaniona bandarini. Boti yako itakapoelekea Kazimia, mimi nitakuwa nimekwisha kufika kwa bibi yule, kwenye nyumba ambamo kuna mtoto anayejifunza kutembea, nikingoja wanipe kiti au wasinipe. Nimejaribu mara nyingi kupanga nitaanza na neno gani, na kila mpango ulianza na kisanduku, na ukuta, na mawimbi. Nimeyafuta yote. Nitamwambia kwamba Zawadi aliita.

Mama yako